Jiwe la Moshi Ndani ya Chungu cha Mkwe

Nimemwona baba mkwe wangu uso kwa uso mara moja tu katika maisha yangu, na nilimwona nikiwa nimetoka kuvunja chungu chake kwa jiwe. Wajukuu zangu wakisikia hivyo huangua kicheko. Wao wanakaa na wakwe zao jamvi moja, wanagombea minofu, halafu wanajiita watu wenye adabu. Haya, wacheke. Mimi nitaandika ilivyokuwa, na asiyetaka kuamini akalale.

Enzi zile za Mdachi, huku kwetu Unyakyusa, mke hakumtazama baba wa mumewe. Hakutaja jina lake, hakupita mbele ya mlango wake, na akimsikia njiani anakohoa aliingia porini, akachuchumaa akampa mgongo mpaka mzee apite. Na mzee naye alikohoa makusudi, maskini, ili asije akamkuta mkwewe katikati ya njia. Haikuwa chuki hata kidogo. Ilikuwa heshima, na ilikuwa na meno: tuliamini mkwe akimtazama mzee, mzee ataugua, na aliyemtazama hatazaa.

Mimi si Mnyakyusa wa kuzaliwa. Ni Mkisi, wa ule ufuko wa Ziwa Nyasa ambako milima inashuka mpaka majini na hakuna pa kulima. Kwetu wanaume huvua samaki na wanawake hufinyanga. Niliolewa Talatala, kwenye migomba na ng'ombe, na nilipofika wale watu waliniona kama kiumbe cha majini. Kila nilichofanya walisema, "Ah, Wakisi wana mambo yao." Nikiosha sufuria kwa mchanga, Wakisi wana mambo yao. Nikila dagaa na vichwa vyake, Wakisi wana mambo yao. Nilikuwa na hasira za karibu tangu utotoni, na neno hilo lilinikera mpaka basi. Kumbe ndilo lililotaka kuua mtu.

Kaka yangu alikuwa mpagazi wa Mdachi mmoja aliyekuwa akitafuta mawe. Nasema kweli, mawe. Watu wazima wenye nguvu zao walipanda milimani mikono mitupu, wakarudi na masanduku ya mawe vichwani, na mwenye mawe anafurahi! Walikwenda upande wa Kyejo, mahali ambapo mlima una nyufa zinazotoa moshi wa moto, na kwenye midomo ya zile nyufa kaka aliona ukoko mweupe umeganda. Akakumbuka kwamba mama yetu analia kila siku udongo mweupe wa kupambia vyungu umekuwa adimu. Alipogeuka Mdachi, kaka akabandua bonge la kujaa kiganja, akalifunga katika ganda kavu la mgomba, akampelekea mama.

Mama alisaga kidogo, akakoroga na maji. Lo! Ile nyeupe ikawa buluu palepale. Mama hakushtuka, maana udongo mwingi hubadilika rangi ukiloa. Akachora shingo ya chungu kipya, akakiweka karibu na makaa, na kilipokauka michoro ikarudi kuwa myeupe pe. Akasema hajawahi kupata weupe mzuri namna ile. Kile chungu akakituma kwa wakwe zake Talatala, heshima yao, na lile bonge lililobaki akalitia ndani yake niwe nalo, nipambie vyungu vyangu mwenyewe. Wanawake wenzake waliokuwa wakienda sokoni wakakibeba. Ujumbe wa bonge walipewa, wakausahau njiani.

Chungu kilifika jioni, mimi nikiwa shambani. Aliyekipokea ni mama mkwe wangu. Huyo hakuwa mtu wa kuepukwa; alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, asiyependa kumkwaza mtu. Akaona lile bonge ndani ya chungu, kwenye kitako. Mtu mwingine angelitoa akalitupa. Yeye akajiambia, hii itakuwa dawa ya kubariki chungu kipya, Wakisi wana mambo yao, tusije tukadharau mila ya wakwe zetu. Akaliacha. Asubuhi alipochungulia akakuta limegeuka buluu lenyewe kwa umande wa usiku, hakuna aliyeligusa. Akaniita kwa furaha.

"Mwanangu, ndaga fijo, asante sana, kwa mama yako. Wakwe zetu wametutumia ziwa!"

Sikuelewa alichokisema. Nilikuwa na kuni kichwani, nikamjibu, "Ndaga, mama," nikapita. Nikadhani anasifia michoro. Naye akamimina humo pombe ya ulezi iliyokuwa imeiva siku ile, kwa heshima, kwa adabu, kwa mapenzi yote, na chungu kikapelekwa kwenye ua wa mzee, ng'ambo ya migomba. Kisha akaenda zake mtoni.

Mchana, kaka akatokea. Alikuwa akichechemea, kidole gumba cha mguu kimepasuka, jasho linamchuruzika, na kabla hajanisalimu akaniuliza, "Chungu kiko wapi?"

"Chungu gani? Hata ugonile huniambii?"

"Cha mama! Kile chenye bonge jeupe!"

Akaniambia akihema. Walikuwa Itungi, wanapakia masanduku kwenye meli. Mpagazi mwenzake alikuwa ameiba kipande cha ule ukoko akaulamba akidhani ni chumvi. Alitapika mpaka akaanguka chini, wakamnywesha maziwa, bado hawajui kama atapona. Mdachi alifoka sana, kisha akawaonyesha. Akatia punje kwenye kikombe cha maji, akachovya kisu cha chuma, kisu kikatoka chekundu. Akasema ndani yake kuna shaba, ni sumu, na si jiwe la kuchimbwa, ni moshi wa mlima ulioganda. Hauonekani popote duniani ila pale mlima unapopumua moto na pakabaki pakavu, maana ukipata unyevu hunywa maji ukawa buluu, na mvua ikiugusa huyeyuka wote, usibaki hata doa. Yeye mwenyewe alikuwa amepanda milima mingi na ameupata mara chache. Ndiyo maana vipande vyake alivifungia katika chupa na kuziba kwa nta. Wakati kaka anayasikia hayo, wakapita wale wanawake wa vyungu wakirudi ziwani, wakamwambia, "Tumemfikishia dada yako chungu, na lile bonge lako limo ndani."

Neno la mama mkwe likanirudia. Wametutumia ziwa.

"Wametia pombe," nikasema. "Amepelekewa mzee."

"Nenda ukamwambie!"

"Nani? Mimi?"

Tulitazamana. Mume wangu alikuwa amepelekwa na boma kutengeneza barabara. Mama mkwe yuko mtoni. Kaka mguu wake hauwezi tena, alikuwa amejitupa chini ameushika. Na mzee alikuwa na desturi ya kuonja kata ya kwanza peke yake, awaambie kwanza wazee waliotangulia, ndipo majirani waje. Hakukuwa na mtu wa kumtuma. Nilikimbia.

Nilifika nyuma ya migomba nikasimama. Sauti yake niliisikia, anazungumza na wafu wake taratibu, na pombe ikimwagwa chini kidogo kwa ajili yao. Nikapiga kelele bila kutokeza, "Usinywe! Ina sumu!" Na unajua alifanya nini? Alisikia sauti ya mkwewe, maneno hakuyasikiliza, akafanya kama mzee mwenye adabu zake: akajifunika kichwa kwa nguo, akanigeuzia mgongo, akanyamaza. Alidhani nimepotea njia, ananisubiri niondoke nisiaibike. Na kata bado iko mkononi. Jamani, adabu ile! Nilitaka kulia, nilitaka kumtukana.

Nikaokota jiwe, nikalenga chungu. La kwanza likapiga ukuta. La pili likakipasua, nusu ya juu ikaanguka, pombe ikamwagika uani. Mzee akaruka. Na kwa ule mshtuko, au kwa kuona aibu, sijui, akapeleka kata mdomoni. Basi nikaona potelea mbali. Nikatoka kwenye migomba mbio, nikaingia ua ambao sikuwahi kuukanyaga, nikamchapa mkono kwa nguvu zangu zote. Kata ikaruka. Nguo ikamdondoka kichwani, tukatazamana.

Uso ule ninao mpaka leo. Macho yake yalikuwa makubwa, meupe sana, na jicho la kushoto limeinama kidogo kwenye kona kama la mtu anayetaka kucheka. Mume wangu hakuwa na macho yale. Nilimtazama mzee naye akanitazama, halafu mimi nikaanguka chini nikajificha uso, nimechelewa.

Alikuwa amekwisha kumeza funda moja.

Hakuchukua muda. Alishika tumbo, akaanza kutapika, na alivyokuwa akitapika kila mtu wa jirani alisikia. Watu wakajaa. Akaja kaka yake mkubwa, msemaji wa ukoo, mzee mwenye sauti ya ng'ombe dume. Kwangu huyo naye ni mkwe wa kuepukwa, kwa hiyo nikakimbilia nyuma ya nyumba ya mama mkwe, nikakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa mianzi. Yote yaliyofuata niliyasikia kupitia ukuta ule.

"Amemwona," alisema kaka mkubwa. "Amemwona mchana kweupe, na ndugu yangu anatapika. Mnataka kuonyeshwa nini tena?"

Kaka yangu akajaribu kueleza habari ya jiwe, moshi, shaba. Wakamcheka. "Jiwe linaloyeyuka? Jeupe jioni, buluu asubuhi? Wakisi wana mambo yao!" Na kutapika kule, ambako kwetu sisi kulikuwa ushahidi wa sumu, kwao kulikuwa ushahidi wa macho yangu. Wakasema akifa, nimemuua mimi. Akipona, nitarudishwa ziwani siku hiyohiyo, na ng'ombe wa mahari warudi, kwa kuwa tumbo langu limekwisha kufungwa. Niliogopa, na katikati ya hofu nilikuwa na hasira, maana nilimpenda mume wangu na alikuwa hayupo kunitetea.

Mama mkwe alikuwa amerudi. Nikamwita kupitia ukutani, "Mama, mpe maziwa. Mengi. Yule mpagazi alipewa maziwa."

"Asipewe kitu kilichotoka kinywani mwa huyo!" kaka mkubwa akanguruma.

Nikasikia kibuyu cha maziwa kikikung'utwa na nyayo za mama mkwe zikielekea kwa mumewe. Mwanamke yule asiyependa kumkwaza mtu alipita mbele ya msemaji wa ukoo kama hakumwona.

Mzee akanywa, akatapika, akanywa tena. Mbingu upande wa ziwa ikawa nyeusi. Huku kwetu Kyela mvua haibishi hodi, na mimi nilijua maana yake: vigae vile viko uani, na maji yakianguka, buluu yote itaondoka na kesho hakutakuwa na cha kuonyesha isipokuwa vigae vitupu na mzee mgonjwa. Kaka yangu naye aliliona hilo. Akapaza sauti, "Kisu! Kwenye kitako cha chungu pamebaki pombe. Chovyeni kisu kabla ya mvua!" Akajikokota kwenda, wakamzuia. Mkono wa watu wa kwetu usiguse kitu tena pale uani.

"Mama," nikasema ukutani, na sauti ilinitoka nyembamba. "Kisu chako cha kumenyea ndizi. Nakuomba."

Nikasikia ngurumo, na tone la kwanza likanipiga begani. Niliuma kitambaa changu nisipige kelele. La pili. La tatu. Ndipo nikamsikia kaka mkubwa akisema, "Unafanya nini wewe?" na mama mkwe akijibu kwa sauti yake ileile ya kila siku, "Nachovya kisu."

Mvua ikashuka yote kwa mpigo. Watu wakakimbilia kwenye upenu. Sikuona kitu, sikusikia kitu ila maji. Kisha mtu mmoja akaguta, na kaka mkubwa akapiga ukelele, "Damu! Tazameni, damu ya ndugu yangu!" Nikajua kisu kimetoka chekundu, na nikajua kwamba nimekwisha. Wangeona wekundu ule na wasione kingine. Nikajiinamia pale kwenye matope, nikalia kwa sauti kubwa bila kujali nani ananisikia.

"Leteni hapa."

Ilikuwa sauti ya mzee. Dhaifu, ya mtu aliyetapika mpaka nyongo, lakini kisu kilipelekwa palepale. Sasa mzee huyu alikuwa na bangili ya shaba mkononi, aliyoivaa tangu ujana wake na kuing'arisha kwa majivu kila asubuhi. Hilo nililijua hata bila kumwona, maana majivu nilikuwa nikiyachekecha mimi. Nikasikia akiomba majivu. Kisha mkwaruzo, taratibu, shii, shii, shii.

"Damu haing'ai," akasema. "Hii ni shaba. Ni sawasawa na hii yangu. Na chuma cha mke wangu hakikuwa na shaba asubuhi." Akapumzika kidogo. "Mmeosha chungu kwa mvua?"

"Mvua imekiosha, tata," mtu mmoja akajibu. "Buluu hakuna."

"Basi yule kijana amesema kweli. Linayeyuka." Akakohoa, akatema. "Binti wa watu ameniona, sikatai. Kosa ni kosa, na la kulisafisha lazima lisafishwe. Lakini ng'ombe wa kusafishia atatoka zizini kwangu, si kwa baba yake. Na harudishwi mtu ziwani."

Kaka mkubwa akaanza, "Ndugu yangu, mila..."

"Mila ndiyo imenifunika kichwa nikanywa," mzee akasema. "Muulizeni mkwe wangu kama mkono unamuuma. Amenichapa kama anaua nyoka."

Mama mkwe akaja nyuma ya nyumba amelowa chepechepe, akaniuliza kwa uso mkavu kabisa kama mkono unaniuma. Nikamwambia amwambie hauumi. Akaenda, akarudi, akasema mzee anasema wake unauma. Nikacheka, nikalia, nikamshika miguu yule mama.

Mzee alilala siku kadhaa, akaamka amekonda. Mpagazi wa Itungi naye alipona, kaka akatuletea habari. Baadaye, wafanyabiashara kutoka pwani walipoanza kuuza mrututu wa kutibia vidonda, ule wa buluu, nikautambua mara moja. Wakaniambia mrututu hupikwa na watu kutokana na shaba. Nikawaambia mimi nimeuona uliojipika wenyewe mlimani kwa moshi. Hawakuniamini, na sikubishana nao. Ule wekundu wa kwenye kisu ulikwisha taratibu kwa kumenya ndizi.

Ng'ombe alichinjwa, kosa likasafishwa, na baada ya hapo tukarudia adabu yetu. Mzee akikohoa, naingia porini. Watoto wangu wa kwanza walipozaliwa, kaka mkubwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuja kutazama, na ndiye aliyekaa sana. Baba mkwe hatukuonana tena. Alikufa vita vya Wazungu vilipoanza, na siku ya mazishi nilikaa nyuma ya nyumba, palepale kwenye ukuta wa mianzi, pamoja na wake wenzangu wa ukoo, tumeupa mgongo mwili wake kama ilivyotakiwa.

Kitindamimba wangu alizaliwa miezi michache baadaye. Wanaume wote wa nyumba ile walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita, mume wangu akiwemo, na kaka mkubwa wa mzee, yule msemaji wa ukoo, alikuwa ametangulia kaburini. Tulibaki wanawake watupu. Mama mkwe alikuwa kipofu kwa utando wa macho. Akampokea mtoto, akampapasa paji la uso, pua, kidevu, akawauliza wakwe zake mmoja baada ya mwingine mtoto anafanana na nani. Wangemwambia nini? Waliishi ng'ambo ya migomba ya yule mzee miaka yote na hakuna aliyemjua sura.

Ndipo akanigeukia mimi, akashusha sauti ingawa hapakuwa na wa kumwogopa.

"Wewe ulimwona," akasema. "Niambie. Ni macho?"

"Ni macho, mama," nikamwambia. "La kushoto limeinama kwenye kona."

Akamkumbatia yule mtoto akalia mpaka nguo ya mtoto ikalowa.